Mtori Ambao Hukuweza Kuukataa

Mpendwa mkwe wangu Restituta, Mama Aika,

Marahaba. Naanza kwa kuitikia, maana shikamoo yako sijaisikia tangu wakati wa kuvuna kahawa, na sasa masika yameshika hata njia ya kwenda bandani kwa ng'ombe inateleza. Ningeweza kukupigia simu. Nimejaribu mara mbili, nikasikia inaita, nikakata kabla hujapokea. Mimi nikishika simu naongea kama niko mbele ya darasa la nne, na haya ninayotaka kukuambia hayafai kusemwa kwa sauti hiyo. Kwa hiyo naandika. Bahasha sitaibandika. Mama yako huko Kilema akitaka kuisoma aisome, na wifi zako pia, na mama mkwe mwingine yeyote wa huku mlimani anayejiona mpishi.

Elibariki ataileta. Mwanangu siku hizi amekuwa posta: anapandisha wageni mlimani, anashuka, anapita hapa Mwika kubadili nguo, anakuja kwenu kulala. Nikimuuliza habari zako anasema, "Anaendelea vizuri, mama." Nikimuuliza mnarudi lini, anainama kufunga kamba za viatu ambazo zimeshafungwa. Simlaumu. Mwanamume aliyewekwa kati ya mke na mama hana kazi nyingine ila kufunga kamba.

Nakumbuka ulivyoletwa hapa, miaka tisa iliyopita. Ulikuja na rozari shingoni, nami nikasema moyoni, haya, sisi Walutheri tumeletewa Mkatoliki. Wewe ukanishinda kwa upole. Jumapili ya kwanza ulinisindikiza kanisani kwangu, ukakaa ibada nzima, na jioni ukaniomba nikufundishe wimbo mmoja wa kitabu changu cha nyimbo. Na kazi ulikuwa unaijua. Ulikuwa unapandisha mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka bondeni bila kupumzika, mwembamba vile, huku mimi nyuma nimeshika kiuno. Niliwaambia majirani kwamba Kilema wametupa mtu. Wewe sikukuambia, maana nilikuwa mwalimu, na walimu wa zamani hatukusifia mtoto mbele yake.

Kisha mimba ya kwanza ikatoka. Ya pili ikafika mwezi wa tano, ikatoka nayo. Hapo ndipo niliposema lile neno. Nililisema jikoni, nikimwambia jirani, lakini nilijua uko nyuma ya ukuta unapepeta maharage, na nilipandisha sauti makusudi. Nilisema, "Sijui walitupa mke, au walitupa kikapu kilichotoboka." Nikasikia ungo wako umesimama. Baada ya muda ukaendelea. Kesho yake asubuhi ulinisalimia shikamoo kama siku zote. Sijawahi kukuomba radhi kwa neno lile mpaka leo. Nisamehe, Restituta.

Mguu wako ulipovimba ndipo tulipojua. Nilikuwa nimekukanda kwa maji ya moto siku mbili, nikidhani umeteguka kwenye utelezi. Elibariki akakataa dawa zangu, akakushusha Moshi hospitali, na mliporudi mlikuwa na jina refu la ugonjwa ambalo hata mimi, mwenye kusahihisha imla miaka yote ile, nililiandika mara tatu ndipo nikalipata. Ulinieleza ukiwa umeweka mguu juu ya kigoda. Kwamba kinga ya mwili wako, ambayo kazi yake ni kupigana na maradhi, imejigeuza na kukushambulia mwenyewe, inaifanya damu igande pasipotakiwa. Kwamba ndiyo iliyoziba mshipa wa mguu, na ndiyo iliyowanyima wale watoto damu ndani ya kondo la nyuma. Uliyasema hayo bila kunitazama. Nami nilikuwa nawaza kikapu.

Aika alipokuja tumboni, ulichomwa sindano ya tumbo kila siku. Elibariki alijifunza kukuchoma, na kila jioni akitoa ile sindano mimi nilitoka nje kwenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa salama kabisa. Mtoto akazaliwa kabla ya wakati, mdogo, analia kwa hasira, na kwa desturi yetu akapewa jina langu mimi, bibi mzaa baba. Siku mliponiwekea Aikande mdogo mikononi niliapa kwamba nitakulipa kwa njia ninayoijua. Na mimi njia ninayoijua ni moja. Nikaenda kuwasha moto.

Wewe unaijua desturi, lakini niandike kwa ajili ya wengine watakaosoma. Huku kwetu mwanamke akijifungua, mama mkwe anamlisha miezi mitatu. Hafanyi kazi, hatoki, anakula. Mtori wa ndizi zilizopondwa na nyama ya kidari, siagi ya kienyeji iliyosukwa kwenye kibuyu mpaka mafuta yaelee juu ya bakuli. Mlaso nao, damu ya mnyama iliyopikwa na maziwa na siagi, ili kurudisha damu iliyopotea. Miezi mitatu ikiisha mzazi anatoka hadharani, na watu hawamtazami yeye, wanatazama mashavu yake, wakimpima mama mkwe. Siku ulipotoka ulikuwa umeng'aa. Wanawake wakaniimbia mimi. Nilitembea katikati ya watu kama mtu aliyepandishwa cheo.

Ilipasa niishie hapo. Miezi mitatu ni miezi mitatu, hata wazee wetu waliijua hesabu hiyo. Lakini mimi niliwaza hivi: huyu amepoteza damu mara mbili kwa mimba, na kila mwezi anashuka Moshi wanamtoa damu nyingine ya kupimia dawa yake. Wanatoa wao, narudisha mimi. Kwa hiyo bakuli la asubuhi halikukoma. Lilikwenda mwaka wa kwanza, likaenda wa pili, likaenda wa tatu, na mlaso kila tulipochinja.

Katika mwaka ule wa pili ukaja na ile karatasi. Aika alikuwa ameanza kutembea. Umerudi kutoka kliniki, umevua viatu mlangoni, ukanipa kwa mikono miwili. Muuguzi alikuwa ameandika kwa mkono wake, mwandiko mzuri: siagi aache, nyama ya mafuta aache, mlaso aache, chumvi apunguze, atembee, apime presha na mafuta ya kwenye damu kila akija. Chini alikuwa amepigia mstari sentensi moja: "Wenye ugonjwa huu mishipa ya moyo huziba mapema, hata wakiwa vijana na wembamba." Ukasema, "Mama, wamesema hivi." Tu. Ndivyo unavyosema wewe, unaweka jambo mezani na kurudi nyuma hatua moja.

Nami nilifanya nini? Nilivaa miwani, nikaisoma yote, nikakuambia, "Hii ni ya wanene wa mjini wanaoshinda wamekaa. Wewe unapanda na kushuka mlima huu kila siku. Ugonjwa wako ni wa damu, si wa mafuta." Nikaikunja, nikaichomeka kwenye kitabu changu cha nyimbo. Kesho yake asubuhi nikakuletea bakuli.

Halafu kuna habari ya mbwa. Huenda unadhani niliisahau. Tomi alianza kunenepa, mbwa wa kufukuza ngedere anatembea kama mwenyekiti wa kijiji, nami nikashangaa anakula nini. Asubuhi moja nikapita nyuma ya jiko, nikakukuta umechuchumaa, unammiminia mtori wangu. Nilikufokea mbele ya mtoto. Nilisema siagi ile nimeisuka kwa mikono yenye baridi yabisi, na wewe unampa mbwa. Ukasema, "Nisamehe, mama." Tangu siku hiyo nilikuwa nasimama mlangoni mpaka nione chini ya bakuli. Sasa naelewa kwamba mbwa yule ndiye alikuwa njia yako ya kukataa, njia pekee uliyoipata katika nyumba yangu, nami nikaiziba.

Ukaanza kupumzika njiani na mzigo wa majani. Mara moja, kisha mara tatu kabla ya kufika nyumbani. Nikakutania, "Wanawake wa siku hizi, mnachoka kabla ya bibi." Ukacheka. Ulikuwa unacheka huku umeshika kifua, nami niliona ule mkono.

Asubuhi ile ya kahawa tulikuwa wawili shamba la chini, na Aika ameketi kwenye gunia anachagua buni nyekundu. Ukasema, "Mama, taya linaniuma, na mkono huu." Nikasema ni jino, ukirudi usukutue maji ya chumvi. Ukaendelea kuchuma. Ukachuma, Restituta, kwa sababu nimesema ni jino. Nilipogeuka tena ulikuwa umekaa chini ya mgomba, jasho linakutoka na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi, na Aika anakufuta uso kwa jani. Jirani akakushusha Moshi kwa pikapu yake. Elibariki alikuwa juu mlimani na wageni, nami nikakaa nyuma nawe, nimekupakata kichwa, nasali kwa Kichagga maana Kiswahili chote kilinitoka.

Madaktari walisema ni moyo. Mshipa mmoja umejaa mafuta, damu ikagandia juu yake. Wakakuwekea na mashine shingoni, wakaona mishipa ya hapo nayo imeanza kunenepa ukuta. Mwanamke wa miaka thelathini na minne. Niliwasikia wakisema ni mishipa ya mtu wa rika langu.

Na hata hapo sikujifunza. Siku ya nne nilikuja wodini na hotipoti. Muuguzi akafunua, akanusa, akauliza, "Mama, una siagi huu?" Nikamjibu kwa majivuno, "Ya ng'ombe wetu." Akafunika, akaisogeza chini ya kitanda kwa mguu. Ndipo uliponishika mkono. Sauti yako ilikuwa ndogo lakini niliisikia yote. Ulisema, "Mama, nikirudi Mwika nitakula. Mimi siwezi kukuambia hapana." Siku waliyokuruhusu, ukaenda Kilema kwa mama yako, na mtoto ukamchukua.

Nilinuna. Nakuambia ukweli, nilinuna miezi mitatu kamili, kipindi kilekile cha kulisha mzazi. Nikawaambia watu mkwe amekwenda kwao kupumzika. Moyoni nilisema, tazama, nimemlisha kwa mkono wangu, shukrani yake ni kunikimbia. Krismasi ilifika, watoto wote wakapanda kutoka Dar na Arusha, wakala, wakanywa mbege, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari zako mbele yangu. Nilijua wanaulizana nyuma ya nyumba.

Ilikuwa Kwaresma, kanisani, tumesimama kuimba. Nikafungua kitabu na karatasi ya muuguzi ikaanguka miguuni pangu. Nikaiokota, nikaisoma pale pale watu wakiimba, mpaka kwenye ile sentensi iliyopigiwa mstari. Niliisoma kama ninavyosoma daftari la mtoto ambaye alipata yote na mimi nikamkosesha. Nikakaa chini kabla ya wimbo kwisha.

Jumatatu nikashuka Moshi peke yangu na daftari. Nilisubiri tangu asubuhi mpaka saa nane ndipo yule daktari wako akanipokea, yule binti mrefu. Akaniuliza mimi ni nani. Nikasema mama mkwe wake Restituta. Akanitazama kidogo, akasema, "Ndiyo wewe wa mtori." Nikasema ndiyo mimi. Akasema mambo yako hawezi kunieleza bila ruhusa yako, ila ya ugonjwa atanieleza.

Akanieleza polepole. Kinga ileile inayogandisha damu inaukwaruza pia ukuta wa ndani wa mshipa, na mahali palipokwaruzwa mafuta hushika, mapema, miaka mingi kabla ya kawaida. Nikaelewa, kwa sababu nimekulia kando ya mfereji wa maji. Mfereji ukiwa laini taka hupita na maji. Ukingo ukichimbika, jani moja linashika, kisha jingine, na wanaume wanaitwa na majembe. Akasema ndiyo maana mtu wa namna yako haitoshi kupimwa damu inavyoganda tu. Presha ipimwe, sukari ipimwe, mafuta yapimwe, wala asiambiwe wewe bado kijana.

Nikamuuliza swali lililonishusha mlima. "Ni mimi niliyemfanyia hivi?"

Hakunibembeleza. Akasema, "Hapana, mama. Hata ungempikia mchicha mtupu, mtu mwenye ugonjwa ule yuko kwenye hatari kubwa kuliko wenzake. Lakini hatari ile haikuhitaji msaada."

Nimeliandika neno hilo kwenye daftari. Haikuhitaji msaada. Nimelala nalo siku nyingi, na sioni kwamba ananionea. Kabla sijatoka muuguzi akanifunga mpira mkononi anipime na mimi, akatikisa kichwa, akaniandikia karatasi. Restituta, ni ileile. Siagi aache, chumvi apunguze. Nilicheka mpaka akadhani presha imepanda kichwani.

Karatasi yako na yangu nimezibandika jikoni, juu ya mafiga, mahali pa moshi. Kibuyu cha siagi nimekitundika darini. Mtori napika bado, kwa nyama isiyo na mafuta, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, mboga ndani. Wiki ya kwanza ulikuwa na ladha ya maji ya kusuuzia sufuria. Tomi alinusa akaondoka. Wiki ya tatu nikaanza kuuzoea, na sasa ninaweza kumpa mgeni bila aibu, akiwa mgeni mwenye njaa. Asubuhi napanda mpaka kwenye mfereji na kurudi, hatua kwa hatua, na nikifika pale ulipokuwa unapumzika na mzigo, napumzika pia.

Nyumba ni kubwa bila ninyi. Nasema hivyo wazi. Sahani ya Aika ya bati naiosha kila Jumamosi ingawa haijachafuka. Nimewakosa.

Juzi nilikwenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, kukata jani la isale. Unalijua, hata huko kwenu linaota kwenye mipaka na penye makaburi ya wazee. Mkosaji akilifunga fundo na kulipeleka kwa aliyemkosea, aliyekosewa hana budi kusamehe. Hata damu imemwagika, isale halikataliwi. Nilikata lililonyooka, nikalifunga fundo kama baba yangu alivyonionyesha, nikalilaza ndani ya bahasha hii pamoja na barua. Nilikuwa nimeshamaliza. Nilikuwa nimeandika kwamba kwa isale hili unisamehe na urudi, nikaweka jina langu.

Kisha nikaikumbuka sauti yako wodini. Nikalitazama lile jani, nikajiona nimesimama tena mlangoni nasubiri nione chini ya bakuli. Isale halikataliwi, na mimi nimeshakulisha vya kutosha visivyokataliwa.

Nimelitoa kwenye bahasha. Fundo nimelifungua, barua nimeiandika upya, ndiyo hii. Hakuna kitu kingine ndani.

Kwa hiyo nakuuliza tu, kama mtu anavyomuuliza mtu mwingine. Utanisamehe? Mtarudi? Ukisema ndiyo, Elibariki atakuja kuwachukua, na jikoni utaingia wewe uonje kwanza. Lakini kama jibu ni hapana, au bado, usilipitishe kwa mume wako, wala usinyamaze. Nipigie mwenyewe. Anza na shikamoo, kisha niambie hapana, kwa mdomo wako, nikusikie. Sitapandisha sauti. Nitaitikia marahaba, na kesho yake utaweza kunipigia tena.

Mpe mama yako salamu zangu, na Aika umbusu pale shavuni panapotoboka akicheka.

Ni mimi,
mama yako wa Mwika, anayejifunza kupika